Watu Kumi na Mmoja wa Bondeni

Kwa miaka kumi na tisa yule mama alitunza masjala ya wizara, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Jalada. Ukitaka barua ya likizo ya mtu aliyekwisha kustaafu, alikupa kabla hujamaliza kueleza. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hupendwa ofisini. Yeye hakupendwa.

Sababu haikuwa siri. Katika watumishi mia moja na arobaini wa jengo lile, watu wa bondeni walikuwa wawili tu: yeye na mzee mmoja wa getini. Waliobaki, ukiacha wachache wa huku na huku, walikuwa watu wa juu, kabila la mkuu wa utumishi, na la mkuu aliyemtangulia, na la aliyemtangulia huyo. Bi Jalada akiingia chumba cha chai, Kiswahili kilikatwa katikati ya sentensi, lugha ya nyumbani ikashika zamu. Alichemsha maji yake amewapa mgongo, akielewa nusu ya yanayosemwa. Nusu ilimtosha.

Kisha serikali ikaunda tume ya kuhesabu makabila katika ofisi za umma. Kila wizara ilitakiwa kupeleka orodha ya watumishi wake na kabila la kila mmoja, na wizara ambayo kabila lolote kubwa la nchi halikufikisha watu kumi na wawili isingeruhusiwa kuajiri mtu wa kabila lingine mpaka pengo hilo lizibwe.

Wiki hiyohiyo mkuu wa utumishi akamwita.

"Karibu, mama. Keti."

Hakuwa amewahi kuambiwa aketi katika chumba kile. Akakaa ukingoni mwa kiti, akapokea karatasi aliyosukumiwa. Chini ya kichwa "Bondeni" kulikuwa na watu kumi na watatu. Akasoma taratibu, akarudia.

"Mkuu, hawa kumi na mmoja ni watu wa kwenu."

"Wana bibi zao huko. Wengine wameoa huko. Damu ni damu."

"Naibu wako hajui hata salamu ya kwetu."

"Tume haiji kusalimiana." Akamwekea kalamu mbele. "Wewe ndiye mtu wa bondeni mwenye dawati humu. Ukisaini kwamba unawatambua, nani atabisha? Na zile fomu zao za siku ya kwanza kazini nimeagiza zishushwe stoo ya chini. Zikipotea, zimepotea."

Bi Jalada hakuigusa kalamu.

"Nasikia mdogo wako ni mpima ardhi," mkuu akasema. "Ameomba kazi hapa mara tatu."

"Mara nne."

"Ya tano ataitwa."

Akaomba siku moja afikirie. Huyo mdogo wake wa kike aliishi naye, cheti chake cha upimaji kikiwa sandukuni, na riziki yake ikitoka kwenye kibanda cha kuuza chaja za simu. Jioni ile alimsimulia yote, mumewe akiwa pale pale anakunja nguo.

"Kwa hiyo umesaini," mdogo mtu akasema.

"Sijasaini. Nikisaini, itaandikwa kwamba tumeshajaa humo. Wewe utaingia, halafu nyuma yako mlango unapigwa misumari."

"Mimi siwaombei walio nyuma yangu, dada. Najiombea mimi. Wewe umekaa humo miaka kumi na tisa, umekula mshahara wao, umenyamaza. Leo ndiyo umeota mdomo, na kwa kazi yangu?"

Maneno yale yalimchoma kwa sababu hayakuwa ya uongo. Alikuwa amenyamaza kweli.

"Shemeji, hebu msikilize dada yako," mume akajaribu.

"Usiniingilie, shemeji."

Kesho yake mchana mdogo mtu alifungasha vitu vyake akahamia kwa rafiki. Hakuaga.

Asubuhi hiyohiyo Bi Jalada alikuwa amekwisha kuirudisha karatasi bila saini. Mkuu hakupandisha sauti.

"Humu uliingia kwa huruma," alimwambia. "Alhamisi uhamie stoo ya chini. Majalada mabovu yatakufaa."

Orodha ilikwenda hata hivyo. Aliyesaini ni mzee wa getini. Aliambiwa karatasi zake za kustaafu zingechelewa sana asipotambua ndugu zake. Bi Jalada aliposikia, akaacha kumsalimia. Kila asubuhi mzee alimfungulia geti akiangalia chini, naye akapita kama anayepita ukuta.

Stoo ilinuka panya na karatasi mbichi. Huko ndiko zilikokuwa zimetupwa fomu za wale kumi na mmoja. Mkuu katika hasira yake alikuwa amesahau nani sasa anaketi nazo. Bi Jalada alizikuta sakafuni siku ya tatu. Akazipangusa, akazipanga kwa tarehe. Hakuwa na mpango wowote. Hakuweza tu kuvumilia kuona fomu sakafuni.

Baada ya miezi mitatu walikuja wakaguzi wawili wa tume, wanawake wenye mkoba mmoja. Walitaka kuona fomu za mwanzo. Karani mpya wa masjala akawaambia zimepotea. Wakauliza nani alikuwa karani kabla yake, wakashuka ngazi.

Bi Jalada akawakabidhi zote. Kumi na moja. Kila mtu alikuwa ameandika kabila lake kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo halikuwa na haja ya kufichwa.

Mkuu wa utumishi hakufungwa wala kufukuzwa. Alihamishiwa wizara nyingine kwa cheo kilekile, akafanyiwa sherehe ya kumuaga, na Bi Jalada akasikia viti vikiburutwa juu ya kichwa chake mchana kutwa. Hakuna aliyemrudisha masjala. Tume iliifuta orodha, nafasi za kazi zikatangazwa upya, mdogo wake akaomba mara ya tano, akafanya mtihani, akashinda watu arobaini.

Wiki ya pili ya kazi alishuka stoo wakati wa chakula. Hawakuwa wamesemeshana kwa karibu mwaka mzima. Akakaa juu ya kasha.

"Wananiita Mzigo wa Tume," akasema. "Nikiingia, wanabadilisha lugha."

"Najua."

"Wameniuliza kama mtihani nilifanyiwa na mtu."

"Watauliza tena."

"Wewe ulizoea, dada?"

Bi Jalada akafikiri kwanza. "Hapana."

Mdogo mtu hakuomba msamaha, na mkubwa hakumdai. Alikaa mpaka saa ya chakula ikaisha, akajikung'uta vumbi la sketi, akapanda ngazi. Jumatatu iliyofuata alishuka tena.