Miaka 19 barabarani, Mboje arudi uwanjani kuufundisha mkono wake

Saa moja na nusu asubuhi, uwanja wa mpira ulio pembezoni mwa mji wa Bariadi umeshajaa vumbi. Pikipiki thelathini na moja zimepangwa kwenye mstari wa goli, wenyewe wamesimama kando wakiwa na helmeti mkononi kama waumini waliochelewa ibada. Ya nane kutoka kushoto, nyekundu, yenye kiti kilichoshonwa upya kwa uzi mweupe, ni ya Mboje Maige.

Mboje hajaikalia. Ameshika usukani upande wa kulia, anabana breki kwa vidole viwili na kuachia, anabana na kuachia, anahesabu kwa kunong'ona. Akifika ishirini anaanza upya.

"Huu mkono haujazoea," anasema bila kuinua macho. "Umefanya kazi nyingine miaka kumi na tisa."

Kazi hiyo nyingine ni kusalimia.

Kwa Wasukuma wa Simiyu, kumpita mtu mzima njiani bila salamu ni utovu wa adabu ambao utasimuliwa kwenu kabla hujafika. Kumpungia kwa mkono wa kushoto ni afadhali usingempungia kabisa. Basi dereva wa bodaboda anayekutana na wazee sitini kwa siku huinua mkono wa kulia mara sitini, na mkono huohuo ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele.

Breki yenyewe wengi walishaisahau. Kwenye changarawe, ukiwa na magunia mawili ya pamba nyuma, breki ya mbele ukiibana vibaya inakubwaga. Kwa hiyo madereva wa huku huilegeza, wengine hufungua waya kabisa, wakabaki wanategemea mguu. Siku ya kwanza ya mafunzo haya, mwalimu alikagua pikipiki zote na kukuta kumi na moja hazina breki ya mbele. Ya Mboje ilikuwamo, ikarudishiwa waya siku hiyohiyo.

"Niliifungua mwenyewe," anasema. "Waya nikauweka kwenye kopo la misumari. Nikaona nimejiondolea balaa."

Balaa lilikuja Novemba mwaka jana, kwenye barabara ya Sapiwi. Nyuma yake alikuwa amepakia Apolonia, fundi cherehani wa mtaa wa Malambo, abiria wake kwa miaka minane. Walikuwa wanatoka kupeleka sare za shule. Pembeni ya barabara alisimama mzee akichunga ng'ombe, na Mboje akainua mkono kama alivyofundishwa tangu utotoni. Ndama akakatiza.

Alikanyaga breki ya mguu. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye kokoto, pikipiki ikalala upande na kuburuzika. Mboje alichubuka kiwiko. Apolonia alivunjika mguu wa kulia mahali pawili. Ndama hakuguswa.

"Yule mzee aliijibu salamu yangu," Mboje anakumbuka, na uso wake unachoka ghafla. "Mimi niko chini, yeye bado ananiambia mhola duhu, salama tu. Hakuwa amejua. Ilikuwa haraka hivyo."

Wiki tatu baadaye alikwenda hospitali na chungwa moja, maana hakujua mtu anabeba nini kwenda kwa mwanamke aliyemvunja mguu. Apolonia alilipokea chungwa. Kisha akamwambia, mbele ya wagonjwa wenzake, maneno ambayo Mboje anayarudia neno kwa neno: "Sikuchukii. Lakini usije mlangoni kwangu mpaka mtu aliyesomea hiyo kazi amekufundisha."

Hapo ndipo ilipoanzia safari ya kuja uwanjani. Cheti anakihitaji kweli; viongozi wa kijiwe chake karibu na soko wametangaza kwamba baada ya Juni asiye na cheti cha mafunzo hapangwi foleni. Lakini ukimuuliza Mboje amefuata nini, hatataja kijiwe.

"Nataka kubisha hodi kwa mtu," anasema.

Tangu ajali ile hakuwa amepanda pikipiki. Aliifunika kwa turubai, akaenda kubeba mchanga na kokoto kwenye majengo. Kwa siku alipata shilingi elfu tano, wakati bodaboda, ukishatoa mafuta, ilikuwa inamwachia elfu kumi na mbili. Ana miaka arobaini na sita. Mgongo wake ulimaliza ujana wake wote katika miezi sita, na jioni mkewe, Milembe, alikuwa anamkanda kwa maji ya moto.

Mafunzo yalipotangazwa, Milembe ndiye aliyelitoa turubai. Akalipa ada kwa kuuza mbuzi wake wawili, halafu akajiteua mwalimu msaidizi. Kila jioni kwa wiki mbili Mboje alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa katikati ya uwanja wa nyumba, mikono yote miwili kwenye usukani, na Milembe akawa anapita mbele yake akijikongoja kwa fimbo na kutoa sauti nzito ya mzee.

"Mwangaluka, Mboje!" anaita, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Mboje anatakiwa kujibu kwa mdomo, mkono usitoke. Siku ya kwanza ulitoka mara tisa kati ya kumi.

"Nilicheka hadi nikakaa chini," anasimulia Milembe. "Nikamwambia, wanaume wenzako wanajifunza kuacha pombe, wewe unajifunza kuacha heshima."

Mboje hakuwa na shida na alama za barabarani. Kijitabu alikisoma chote, ingawa shule yake iliishia darasa la saba. Alama za kupishana, za kivuko cha waenda kwa miguu, za kona kali, zote alizijua ukimwamsha usingizini. Shida ilikuwa mkono.

Mwalimu anaitwa Wilhelmina, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa mkoa mwingine, aliyeletwa na chuo kimoja cha udereva. Ana sauti ya filimbi na hana subira na visingizio. Siku mbili za kwanza aliwafundisha kukagua tairi, kukaa, kutazama mbali, kupunguza gia. Jumatano akawapanga kwa jaribio la kusimama ghafla: unakuja kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, ukipita koni ya njano unabana breki zote mbili, unasimama kabla ya mstari wa chokaa.

Watu kumi na tisa walifeli. Mwalimu hakuelewa. Watu wazima, wenye uzoefu, wanakuja vizuri kabisa, wanafika kwenye koni, halafu mkono wa kulia unapaa hewani na pikipiki inavuka mstari kwa mita nne.

"Nilidhani wananidhihaki," anasema Wilhelmina. "Nikamuuliza huyu Mboje, kaka, unampungia nani? Akaniambia, namsalimia katekista."

Ni kweli. Nyuma ya ile koni, kwenye kigoda chini ya ukuta wa choo cha uwanja, alikuwa amekaa mlinzi, Mzee Januarius, miaka sabini na minne, katekista mstaafu. Nusu ya madereva waliokuwapo aliwafundisha komunyo ya kwanza, na Mboje alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyeweza kupita mbele yake na mkono umetulia.

Mwalimu mwingine angemwomba mzee ahame. Wilhelmina alikibeba yeye mwenyewe kile kigoda na kukiweka mita mbili tu kutoka kwenye koni, mahali pa wazi.

"Mzee wangu," akamwambia, "naomba uniazime siku mbili. Kila anayepita, msalimie. Kwa sauti. Na wakikunyamazia, nisamehe mimi, sio wao."

Kwa hiyo Alhamisi nzima na asubuhi hii ya Ijumaa, Mzee Januarius amekaa juani akiwasalimu watu wanaompita kama hawamwoni. Si kazi ndogo. Mwanamume aliyezoea kupokewa kwa heshima kila anapotia mguu anageuzwa kisiki, mara thelathini na moja, kisha mara thelathini na moja tena.

"Najua ni mafunzo," anasema mzee, akijifuta vumbi machoni kwa kitambaa. "Kichwa kinajua. Lakini jana nilipofika nyumbani sikula. Nilihisi kama nimezikwa na watu wamesahau."

Saa tatu kasoro, jina la Mboje linaitwa. Anavaa helmeti, anaifunga, anaifungua, anaifunga tena. Akifeli leo ni kusubiri darasa jingine, na hakuna anayejua litakuja lini. Milembe hana mbuzi wengine.

Anaondoka polepole, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbi linamfuata. Macho yake yako mbele, mbali, kama alivyoelekezwa.

"Mwangaluka, Mboje!" anaita Mzee Januarius, tena kwa ile sauti yake ya kanisani.

Kiwiko cha kulia kinainuka kidogo. Kila mtu uwanjani anakiona. Kisha kinashuka, vidole viwili vinabana, mguu unakanyaga, na pikipiki inasimama hatua moja kabla ya chokaa. Injini inazimika. Mboje haondoki pale. Amekaa juu ya pikipiki, helmeti kichwani, na mabega yake yanatikisika.

"Nimempita baba yangu wa imani kama mbwa," anasema baadaye, akiwa bado hajatulia. "Watu wanapiga makofi, mimi nasikia aibu tupu. Sijawahi kufaulu kitu kikaniuma vile."

Kati ya watu thelathini na mmoja, ishirini na sita wamefaulu. Mwalimu anasoma majina na kutangaza mapumziko ya chai. Hakuna anayekwenda kwenye chai. Bila kuambiana, madereva wanaweka helmeti chini na kujipanga foleni mbele ya kigoda, mmoja mmoja, wakiinama na kushika mkono wa mzee kwa mikono yote miwili. Wanamwuliza ameamkaje, nyumbani wanaendeleaje, ng'ombe, mvua, pamba, wajukuu. Hawaruki kitu.

Foleni hiyo inakula dakika arobaini. Chai inapoa. Wilhelmina anatazama saa yake mara moja, kisha anaivua na kuiweka mfukoni.

Cheti Mboje alikipata Jumatatu. Jumanne, saa mbili asubuhi, alikuwa mtaa wa Malambo akibisha hodi.

Apolonia alitoka na mkongojo. Tangu Novemba ameuza cherehani yake ya miguu na kununua ya mkono, kwa sababu mguu wa kulia hauwezi tena kukanyaga siku nzima. Anashona nusu ya nguo alizokuwa anashona. Alikichukua cheti, akakisoma chote hadi muhuri, akakirudisha.

"Umefundishwa nini?" akauliza.

"Nimefundishwa breki ya mbele, mayu," akajibu Mboje, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na kutoinua mkono."

"Na ukimwona mzee njiani?"

"Namjibu kwa mdomo. Akiwa ni wa kusalimiwa kwa mkono, nasimama kabisa, nashuka, namsalimia, ndipo naondoka."

"Abiria watakukimbia. Nani ana muda huo?"

"Mmoja ameshanikimbia jana," Mboje akakiri. "Alisema nampeleka kama maiti."

Apolonia alicheka kidogo, kicheko cha kwanza ambacho Mboje amekisikia kutoka kwake tangu wakiwa barabara ya Sapiwi. Siku hiyo alikuwa na miadi hospitali, kuangaliwa mguu. Mboje akasema yeye yuko tayari, mafuta yapo, helmeti ya abiria ni mpya.

Apolonia akaitazama pikipiki. Alikitazama kile kiti kilichoshonwa upya, akaupitishia kidole uzi mweupe, kwa jicho la fundi.

"Bado, Mboje," akasema. "Mwili unakataa. Nikisikia injini, mguu unauma mahali palepale. Labda pamba ikishauzwa. Labda mwakani. Sijui."

Mboje anasema hakuona haja ya kubembeleza. Alikuwa amechoka, na aliona wazi kwamba Apolonia pia amechoka. Mpango wake ni kuendelea na kazi hii miaka mitatu tu, mpaka mtoto wake wa mwisho amalize kidato cha nne, halafu arudi kwenye jembe kwa baba yake. Katika miaka hiyo mitatu anaomba kitu kimoja: Apolonia apande siku moja, hata kama ni kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kisima cha jirani.

Apolonia akafunga mlango, akajiwekea mkongojo kwapani na kuanza kutembea. Kutoka pale hadi hospitali ni zaidi ya kilomita moja. Mboje hakuwasha injini. Alipokea mkoba wa Apolonia, akautundika kwenye usukani, akaikokota pikipiki polepole kando yake, yeye upande wa magari.

Walikwenda hivyo. Walipofika kwenye mwinuko wa kabla ya hospitali, Apolonia alisimama kuvuta pumzi, akauhamishia mkongojo mkono wa pili. Kisha akashika chuma cha nyuma ya kiti, akakishikilia, na pikipiki, ikisukumwa na Mboje, ikamvuta hadi juu.