Mtaro wa Maharage

Sikumpenda yule mama tangu aliponipokonya mwiko mkononi. Tulikuwa wanawake wa Kahama, Kishapu na Masumbwe, tumekusanywa kupika kwenye jubilei ya parokia huko Ushirombo, siku chache tu, kisha kila mtu arudi kwake. Yeye ndiye aliyewekwa mkuu wa jiko, na kila neno lake lilikuwa kemeo.

Upepo ulitutesa. Moto uliruka nje ya mafiga, wali ukaungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki na kiini. Nikamwambia, "Mama, tuchimbe mtaro kufuata upepo, tupange sufuria juu yake. Moto utapita chini bila kutawanyika."

"Mayu, mama wee, hapa hatukuja kubuni," akasema bila kunitazama. "Tumekuja kupika. Ukitaka mashimo, nenda machimboni."

Wakacheka wote. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Akadakia mwanamke wa Kishapu, ambaye asubuhi ile tulikuwa tumegombania maji. "Mwachieni maharage. Yakiharibika, ameyaharibu yeye, si sisi."

Hakuwa akinitetea, alitaka kuniona nikiumbuka. Lakini nilipata sufuria zangu, wala hakuna aliyenisimamia.

Nikaazima jembe, nikachimba kwa hasira. Sufuria ya mwisho iligoma kuchemka, mpaka nilipopanua mdomo wa mtaro na kuziba mapengo ya kando kwa udongo. Mchana maharage yote yakaiva, na kuni zikabaki.

Hakuna aliyenipongeza. Kesho yake nilimkuta yule mama anachimba mtaro wa wali. Wa Kishapu naye alikuwa anafunika sufuria kwa magunia yaliyoloweshwa, wali uive kwa mvuke.

"Mbona jana hukusema hiyo ya magunia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani? Wewe?"

Watu husema kazi ya pamoja inataka upendo. Sisi hatukupendana hata kidogo. Nadhani kilichotufungua ni kila mmoja kupewa kipande chake cha kuharibu, na kujua kwamba jubilei ikiisha hatulazimiki kuonana tena.

Tulipakia vyombo bila kuagana. Baadaye sana nilimkuta yule mama sokoni Kahama, ananunua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika, macho yake kwenye mizani, akamwambia muuzaji apime upya.