Nyumba Iliyoandikwa Tupu

Wenzake walimwita Mama Pasi, ingawa hakujaliwa mtoto. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa aliyefua mashuka ya mahoteli, na mkono wake ulisifika: shuka likipita kwake, ungedhani halijawahi kulaliwa. Alihamia nchi ya ugenini na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, wakapanga chumba kimoja uani, nyuma ya jengo la dobi. Vibali vyao vya ukaazi vilikwisha muda, maombi ya vipya yakapigwa danadana. Basi wakawa wanaishi kwa kunyata: redio chini, mlango na komeo hata mchana, vicheko wakivizima kwenye mto.

Wifi ndiye aliyekuwa na vicheko vingi. Akimwona mwenzake amekunja uso, alimshauri ajipige pasi mwenyewe kwanza. Kisha kikohozi kikamshika. Kilianza kama mafua ya kawaida, kikashuka kifuani, kikaweka makazi. Nguo zikaanza kumpwaya. Akihimizwa kwenda zahanati alisema kule wanakuuliza kibali kabla hawajakuuliza unaumwa nini.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Haukugongwa kwa kishindo. Uligongwa kwa adabu, kama na jirani anayekuja kuomba chumvi. Sauti ya mwanamke ikaeleza, kwa lugha ya wenyeji, kwamba walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti wa afya. Lugha ile ilikuwa bado inampiga chenga Mama Pasi. Alichoambulia ni neno "serikali", na moyo ukampasuka. Wifi akajiinua kitandani.

"Nimfungulie," alinong'ona. "Amesema afya."

Mama Pasi akamziba mdomo. Kikohozi kikaja, kikapiga ndani ya kiganja chake, cha moto, chenye majimaji. Mlango ukagongwa tena. Halafu hatua zikaondoka.

Wifi alifariki kabla mvua hazijakatika. Hospitali walimpokea alipokuwa hawezi tena kujibu swali lolote.

Baada ya mazishi, mlango haukuacha kugongwa. Mama Pasi angekuwa ameinamia shuka kazini, mara ngo, ngo, ngo. Anageuka, hakuna mtu. Mashuka kadhaa yaliungua. Kiganja nacho kiligoma kukauka. Alikifuta kwenye aproni, akakisugua kwa sabuni ya dobi mpaka kikachubuka, na bado alihisi ule unyevu.

Nesi aliyemuuguza wifi alikuja kumpima yeye pia, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu. Mama Pasi akamsimulia, kwa lugha ya kuokoteza, kuhusu ile asubuhi, akaomba amuulizie chumba chao kiliandikwaje. Nesi alirudi akiwa mzito wa kusema.

"Waliandika nyumba tupu. Ua mzima."

"Na wifi yangu?"

"Kwenye ule utafiti, dada, hakuwepo."

Akamweleza kwamba mtaa ulionekana hauna wagonjwa, hivyo gari la kupiga picha za kifua likapelekwa kwingine.

Utafiti uliporudi, Mama Pasi alikuwa ameshaizoea lugha ya wenyeji, na nesi alimpendekeza awe mkalimani kwa watu wa kwao waliopanga mtaa ule. Mama Pasi aliuliza kama watamdai kibali. Nesi alijibu kwamba hawatakiwi kumdai, lakini kuapa hawezi. Mama Pasi akaenda hivyo hivyo. Mdadisi aliyepangiwa naye, yule wa kuuliza maswali na kuandika majibu, alipofungua kinywa kumsalimu, Mama Pasi aliitambua: ilikuwa sauti ile ile ya mlangoni. Mwenyewe hakukumbuka ua ule. Aligonga milango mingi.

Kwenye mlango jirani na chumba alichoishi na wifi yake, mdadisi aligonga, akangoja, akatoa kalamu.

"Usiandike," Mama Pasi alisema. "Humu kuna watu. Kimya hiki nakijua."

Akaegemeza paji la uso kwenye ubao, akazungumza kwa lugha ya kwao. Alisema yeye ndiye mpiga pasi wa pale kwa dobi. Alisema wifi yake aliugua chumba cha pili mpaka akafa, na kwamba aliyemziba mdomo ni yeye. Ndani, mtu akakohoa, kikohozi kikakatwa katikati.

"Mwacheni akohoe," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Mlango ulifunguka upana wa uso mmoja. Mwanamke akauliza wakishahesabiwa watapelekwa wapi. Mama Pasi angeweza kumdanganya kwa maneno matamu.

"Sijui," alisema. "Najua asiyehesabiwa anapelekwa wapi."

Yule mwanamke akawapisha wakaingia. Milango mingine haikufunguka, na mdadisi akaandika: watu wapo, wamekataa kufungua.

Gari la picha za kifua lilikuja baadaye, likaegeshwa mbele ya jengo la dobi. Mama Pasi alipanda wa kwanza, akakutwa na doa pafuni ambalo kipimo cha nesi hakikuliona, akaanzishiwa dawa. Lakini vyumba viwili vya uani, kati ya vile vilivyokataa kufunguliwa, vilikutwa wazi, vimefagiliwa, hakuna hata kijiko. Wenyewe walihama mara tu waliposikia wameandikwa, na hakuna ajuaye walikoelekea, wala nani kati yao alikuwa anakohoa.