Nyumba Aliyoivusha Babu Eleuterio

Babu yangu Eleuterio Mansilla alifariki mwezi wa nane, katika juma ambalo mvua haikupumzika hata siku moja. Alikuwa na miaka themanini na tisa. Asubuhi ile alikunywa chai, akausifu mkate, akajilaza kidogo, na hakuamka tena. Daktari alisema ni moyo. Bibi Edelmira alisema ni uvivu, kwa sababu kulikuwa na kuni za kupasua. Alisema hivyo huku machozi yakimtiririka, nasi wajukuu hatukujua tulie au tucheke.

Huku kwetu kisiwani Chiloé marehemu huombewa siku tisa, na anayekuja kusali haondoki bila kula. Shangazi zangu walikuna viazi mpaka vidole vikawauma, wakakaanga mikate ya viazi kwa mafuta ya nguruwe, na kila aliyeingia na koti lililolowa alipewa sahani kabla ya rozari. Sala ikiisha, watu walilizunguka jiko na kuanza kumzungumzia Babu. Haikuchukua muda, mazungumzo yalifika kwenye nyumba. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo tuliyokuwa tumekaa ndani yake.

Babu alizaliwa ng'ambo ya ghuba, akawa seremala. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa amejijengea nyumba ya vyumba vinne, kuta zote zimefunikwa vigae vya mbao alivyochonga kimoja kimoja kwa miaka minne. Ilipokamilika akapiga makasia kuja huku kumposa Edelmira Chiguay. Edelmira alimkubali, ila kuhama akakataa. Mama yake, Zunilda, alikuwa haoni. Babu akasema basi mama naye aje, chumba kipo.

"Hapa kila jiwe nalijua kwa miguu," Mama Zunilda akamjibu. "Hapa mimi si kipofu, mwanangu. Kipofu nitakuwa huko kwako."

Babu alirudi kwao na kukaa siku mbili akiitazama nyumba yake. Kaka yake alimshauri ajenge nyingine upande wa mke. Akasema miaka minne mingine ni mingi, Edelmira atakuwa ameshapata mwanamume mwenye akili zaidi. Siku ya tatu akaanza kung'oa madirisha.

Kuburuta nyumba kwa maksai si jambo geni kwetu. Majirani hukusanyika, hawalipwi, wanalishwa. Kuivusha majini ndiko kulikokuwa kazi ya wachache wenye wazimu. Maji yalipokupwa, jozi nane za maksai ziliishusha nyumba hadi ufukweni juu ya magogo, watu wakaifungia mapipa matupu pande zote. Asubuhi ya pili, mwezi wa Januari, maji yakajaa na nyumba ikaelea. Boti mbili za injini zikaivuta. Babu alikataa kushuka. Alikuwa amemwahidi Edelmira kwamba nyumba itafika jiko likiwaka, kwa hiyo alibaki ndani akichochea kuni, moshi ukitoka kwenye bomba kama wa meli.

Katikati ya ghuba kamba ya boti moja ikaachia. Nyumba ikageuka taratibu, mkondo ukaichukua. Babu alitoa kichwa dirishani na kuwaamuru watu wa boti kwa sauti ya nahodha, lakini hakuna amri hata moja iliyowezekana. Mwisho nyumba ilikwama kwenye mchanga mbele ya shamba la mjane mmoja aitwaye Hortensia, ambaye alikuwa na binti wa kuozesha na alikuwa akimtamani sana Babu kama mkwe.

Ilibidi kungoja maji ya jioni. Hortensia alitoka na mkate wa moto na siagi, akamkaribisha Babu mezani, akasema mbele ya watu wote kwamba nyumba ina akili kuliko mwenyewe, imejichagulia pa kukaa. Babu alicheka, akala. Alikula mkate wote.

Edelmira, akiwa upande wake wa maji, aliiona nyumba ikikwama kwa Hortensia. Alifungua mashua ya marehemu baba yake, akapiga makasia saa nzima peke yake. Alipofika hakumsalimu mtu. Alipita katikati yao, akapanda ngazi, akaingia ndani, akaketi karibu na jiko.

"Mkimaliza kula mniambie," akasema. "Nyumba yangu hailali kwa watu."

Maji yalipojaa, jua la Januari, ambalo huku kwetu huchelewa kuzama, likiwa bado juu, boti nne ziliivuta nyumba, na safari hii ilifika. Maksai wakaipandisha kilimani. Mama Zunilda aliizunguka yote, kiganja ukutani, akihesabu hatua. Watu walingoja asifu.

"Mlango umeuelekeza upande wa mvua," akasema. "Igeuze."

Wakaigeuza. Ndipo wakala.

Babu alikaa ndani ya nyumba hii miaka sitini na mitatu. Alimwongoza mama mkwe wake kisimani hadi mama huyo alipofariki, alizaa watoto watano, akashindwa na Bibi kwa kila ubishi na kudai ameshinda. Kila alipoisimulia safari ile aliilaumu kamba. Alisema muuzaji alimpa kamba iliyooza.

Jioni ya nne ya maombi, Mzee Nolberto, rafiki yake wa utotoni aliyeshika usukani wa ile boti, aliweka sahani chini.

"Edelmira, kamba haikuwa na kosa," akasema. "Fundo nilifunga mimi, na nilifunga vibaya. Miaka yote hii nimemwacha asingizie kamba."

Bibi aliendelea kukata mkate.

"Alijua," akasema. "Aliniambia siku ileile. Akasema, 'Usimwambie Nolberto kwamba tunajua, ataona aibu aache kuja kula.'"

Mzee Nolberto alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alipoondoa mikono alikuwa pia anacheka, na chumba kizima kikamfuata, hata mama aliyekuwa akituongozea rozari.

Siku ya tisa mvua ilikatika. Bibi alitoa buti za Babu, akazisugua mwenyewe kibarazani, akampa Nolberto. Zilimzidi ukubwa. Jumapili iliyofuata alikuja nazo, amevaa soksi jozi tatu, akapasua kuni zote zilizobaki, kisha akaingia kuuliza kama chakula kiko tayari.