Sauti ya Mzee Wamalwa Iko Mezani kwa Saida

Saida Adan anailinganisha prosesa, ubongo wa laptopu, na tundu lake, kisha anaibonyeza kwa kidole gumba. Haiingii. Anaitoa, anapuliza vumbi, anajaribu tena.

"Taratibu, mama," anaiambia.

Katika kibanda chake cha ufundi huko Makongeni, Thika, mwenye mashine ameketi akimtazama. Mzee Wamalwa, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha nguo, alipatwa na kiharusi mwaka wa 1996. Ulimi ulikataa, na mkono wa kulia ukafuata. Tangu hapo huandika kwa kidole kimoja cha kushoto kwenye laptopu ndogo, na watu husoma kiooni.

Lakini mashine ni kuukuu, na mfumo unaoiendesha ni mzito. "Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai ukiingoja," anasema binti yake, Nafuna, anayeishi naye Ruiru. "Krismasi, baba zangu wadogo walikuwa wanaamua kama shamba lipandwe miwa. Baba akawasha. 'Mimi nakataa' ilipotokea kiooni, wao washaomba sala ya kufunga na kuinuka."

Mwezi uliopita prosesa iliungua. Jumamosi hii wanakuja wazee wa mchumba wa Nafuna, kuzungumzia mahari.

Saida alijifunza kazi kwa kufungua redio, kisha kompyuta zilizotupwa na maofisi. Prosesa anayoiweka ni ya kampuni isiyo na jina kubwa. Bei yake ni nusu ya ile ya kawaida. "Wengine husema ni feki," anasema. "Mimi hungoja nione ikifanya kazi."

Safari hii inaingia. Anaufuta mfumo mzito na kuweka mwepesi, usio na picha, ambao mwanafunzi wa mtaa wa Kahawa Sukari alimnakilia kwenye diski. Kazi hiyo inakula alasiri nzima. Hatimaye anawasha, na kioo kinajibu mara moja: cheusi, chenye herufi nyeupe.

Mzee anakunja uso. Anaandika: "Umeiua?"

"Haijafa, Mzee. Imevua koti tu."

Mzee anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha anasogeza uso karibu na kioo, karibu zaidi, na kuandika: "Sioni nilichoandika."

Herufi ni ndogo mno. Saida anajaribu amri moja, nyingine, mpaka giza linaingia. "Kuna njia ya kuzikuza," anasema. "Bado sijaijua. Niachieni mpaka kesho."

Nafuna anainuka. Baba yake haondoi mkono. Anaandika polepole, bila kuona: "Asiolewe nikiwa kimya."

Nafuna anasoma, anageukia mlangoni.

Saida hazimi mashine. Skrubu anaziacha kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo, na anavuta stuli aendelee.

"Kesho, Mzee," anasema. "Ila njoo na miwani pia."