Kipupwe kilinipausha ngozi wiki ya harusi yangu, nikapelekwa kwa dresa

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mimi ni bibi wa watu, mzaliwa wa Mchinga, nilikuwa mwali enzi za Mwingereza, na simu hii nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkiona makosa, mezeni. Ninayoyasema yamenikuta mimi, sikuhadithiwa na mtu.

Jana nimesoma uzi wa binti analalamika miguu imempauka kipupwe hiki, losheni zote kajaribu. Nikacheka. Halafu nikashindwa kukaa, nazunguka tu humu ndani mpaka chai ikapoa.

Haya, sikilizeni.

Harusi yangu ilikuwa Ijumaa. Bwana harusi ni Hamisi, fundi cherehani wa Lindi mjini. Na asiwadanganye mtu kwamba zamani hatukuwa tunapenda! Yule kaka nilimpenda mpaka chakula hakipiti.

Kwetu mwali alikuwa anawekwa ndani siku saba. Hutoki, huchoti maji, hupigwi na jua. Kazi ni kuogeshwa na kusingwa tu, yaani kusuguliwa mwili mzima kwa singo, yale manukato ya kusaga, mpaka ung'are.

Anayekusinga ni somo yako. Wangu alikuwa Bi Hadija, mjane asiye na mtoto, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote, na huko waliko wanisamehe.

Mchinga nzima ilimjua kwa ujasiri. Kwenye shughuli alikuwa anaepua sufuria ya pilau kwa mikono mitupu, bila kitambaa. Vidole vimejaa makovu. Watu wakisema, huyo ndiye mpishi!

Sasa ule ulikuwa mwezi wa kusi, baridi kavu inaingia hadi chini ya mlango. Wakachemsha maji ili mwali asipigwe na baridi. Somo akatia mkono kwenye ndoo.

"Vuguvugu haya. Kaa."

Uwii! Maji yanababua!

"Somo, naungua!"

"Mwali halilii maji. Ukifika kwa mume utalilia nini?"

Wanawake kicheko. Nikameza, maana mwali mlalamishi anamtia aibu mama yake.

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Maji ya moto, sabuni ya mche ile ya kufulia, kisha singo juu yake. Na mafuta marufuku! Eti ukipaka mafuta kabla ya siku yenyewe, singo haishiki. Nani alisema? Hakuna anayejua, ila wote wanashika.

Siku ya nne nikaanza kuwashwa. Nakaa, nasimama, nachungulia upenuni, najikuna, nakaa tena. Usingizi hakuna. Miguu ikatoa magamba, mapajani yakatoka mabaka meupe. Mama akasema ni kusi tu, litapita.

Jumatano akaja shangazi yake Hamisi, Bi Zuhura, kumtazama mwali. Akafunua khanga. Akaifunika tena polepole.

"Mabaka haya mimi siyajui," akasema. "Hatuchukui mtu mpaka dresa amtazame."

Neno ukoma hakulitaja. Hakuna aliyelitaja. Lakini siku zile ukikutwa nao unapelekwa kambini, mbali, na kwenu wanaanza kukuzungumzia kama marehemu. Mama akalia. Baba akatoka nje bila viatu. Mimi nilikuwa namuwaza Hamisi, na namuwaza kwa hasira, maana nilijua wakisema hapana naye atasema hapana.

Alhamisi asubuhi nikafunikwa khanga tatu, tukaenda zahanati ya serikali. Mama, Bi Zuhura, na somo amenishika mkono.

Dresa, yule mtibabu wa zahanati, alikuwa kijana mpole. Akatoa sindano. Akaniambia nitazame pembeni, nikihisi kuchomwa niseme. Penye ukoma, ngozi haihisi.

Wakuu, niliurudisha mkono ndani ya khanga. Sikuogopa maumivu. Niliogopa kutoyahisi.

Somo akaona. "Mtoto wewe, sindano hii ndiyo ya kukutoa jasho? Dresa, anza na mimi, aone."

Akanyoosha mkono. Akageuza uso kunitazama mimi, anatabasamu, anasubiri.

Tukasubiri naye.

"Dresa, baba, mbona huanzi?"

Sindano ilikuwa imeshazama kidoleni, damu inachuruzika. Mama akashika mdomo. Mimi nikakumbuka ile ndoo.

Kisha nikachomwa mimi, nikapiga ukelele wa kufukuza kunguru. Bi Zuhura akapiga kigelegele palepale. Nilitamani kumzaba kibao. Somo alikuwa anakitazama kidole chake tu.

Dresa akasema wangu ni ukavu. Maji ya moto na ile sabuni vimeondoa mafuta yote ya ngozi. Nioge maji ya baridi, mara moja kwa siku, nisijisugue, na nipake mafuta ya nazi hapohapo kabla mwili haujakauka.

Nikaolewa Ijumaa, nateleza kwa mafuta. Somo hakuja. Wiki iliyofuata akachukuliwa.

Mwaka wa pili nikamsumbua Hamisi mpaka akanipeleka kambini. Dawa walikuwa wanampa, uso umechangamka. Lakini visigino, ya Rabi! Magaga yamepasuka, kidole kinaingia. Katika ufa mmoja mlikuwa na mwiba, nyama imeoza, na alitoka kunipokea getini anatembea.

"Somo, hukuuona?"

"Hauumi, mwanangu. Ningejuaje?"

Nikautoa. Nikamlowekea miguu, nikampaka mafuta ya nazi mpaka chupa ikaisha. Nikamwambia nitarudi.

Sikurudi. Mara mimba, mara mtoto, mara nauli. Visingizio. Alifariki bila mimi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo binti wa losheni, achana na maji ya moto, paka mafuta ukiwa bado umelowa. Basi, ndiyo dawa yenyewe.

Ila mwenye mzazi ndani, mzee, au mwenye sukari, kipupwe hiki usimuulize kama panauma. Inua mguu wake, utazame mwenyewe.

Haya, komentini. Wa Sudi, wa Njinjo, kwenu mnapaka nini? Na kama kuna mtu mliyemwambia mtarudi, na bado yu hai, uzi huu uacheni kwanza.