Sauti ya Mama Ilivyokatika Mbele ya Wakwe

Wanawake wa mtaa wetu huku Gongo la Mboto wakinikuta dukani mpaka leo wananiuliza kama mama ameshapata bando, na mie nachukua chumvi yangu naondoka bila kujibu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe, hakuna jirani wa kumlaumu. Sasa kwa kuwa kila mmoja anaisimulia anavyotaka (kuna anayesema niliangua kilio, muongo huyo), bora niiseme mie mwenye mkasa.

Sie tuliotoka Masasi, kwenye ukoo wetu mwali haondoki nyumbani bila kuimbiwa wimbo wa kumuaga, na wimbo ule alikuwa akiuimba mama yangu. Mama alipofariki akaurithi dada, dada naye akatangulia, nikabaki mie ambaye Mungu alinipa mikono ya kulima na kupika lakini sauti alinipa ya mlango wa bati. Kwa hiyo mjukuu wangu Salma alipochumbiwa na kijana wa Bunju, akasema hataki keki wala gari la maua, anataka aagwe na sauti ya mama yangu mwenyewe. Na sauti ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye kaseti aliyorekodi kaka yangu zamani, ambayo mwanawe Hamisi anaitunza kule Mtwara.

Hamisi akatafuta fundi, wakaicheza kaseti huku kompyuta ya ofisini kwake inaikamata sauti, na walipofika mwisho utepe ukakatika vipande, umechoka. Kwa hiyo kaseti ndiyo basi tena. Sauti lakini ilikuwa imeshaingia, akaituma kwa mtandao. Mwajuma, dada yake Salma, anayefanya kazi ofisi moja Mikocheni, akanieleza kwamba faili lile linaitwa flaki (jina kama mtu anatoa kohozi), na kwamba nyimbo tunazotumiana kwenye simu huwa zimeminywa ili ziwe nyepesi, lakini hili halikuminywa, kila kilichokuwa kwenye kaseti kimo humo. Ndiyo maana ni zito, na kitu kizito kinaweza kufika kimevunjika njiani. Hamisi akatuma pia mstari mrefu wa herufi na namba zilizochanganyikana, ukiusoma hauna maana yoyote. Mwajuma akasema faili likishashuka, kompyuta yetu nayo italikagua itoe mstari wake, na mistari miwili ikifanana ujue limefika zima, ikitofautiana hata herufi moja ujue limeharibika, tulishushe upya.

Mie shule niliishia darasa la pili, ila maneno hayo niliyaelewa vizuri sana. Hapo siwezi kujitetea.

Asubuhi ya shughuli Mwajuma akaliweka faili lishuke moja kwa moja kwenye flashi, maana kompyuta yake imejaa, akaniambia nisiguse kitu, akaenda kwa fundi kuchukua sare zetu. Nikakaa kwenye kigoda naangalia ule mstari wa kijani unavyotambaa. Ulipojaa tu, nikaichomoa flashi kama ninavyochomoa chaja ya simu, nikaichomeka kwenye redio yangu ya jikoni, na mama akaimba. Jamani. Miaka yote ile na mama akaimba jikoni kwangu, kati ya vitunguu na sufuria za pilau. Ubeti wa kwanza ulipoisha nikazima, sikutaka kuumaliza utamu kabla ya wageni.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Hamisi alikuwa ameniomba nikishaipata nimjulishe aifute, kwa sababu bosi wake anamsumbua aondoe vitu vyake kwenye kompyuta ya ofisi. Nikampigia, nikamwambia, "Imefika salama, baba. Futa."

Mwajuma aliporudi akaiomba flashi alinganishe mistari. Nikamwambia nimeshaipima. Akasema bibi, kusikiliza mwanzo siyo kupima. Mie nikamtolea jicho.

"Kati yangu na hiyo kompyuta yako, nani aliyezaliwa na mama yangu?"

Akaenda kugawa sare. Nimemlea mwenyewe, jicho langu analijua.

Mchana turubai likajaa. Wakwe wakaja kutoka Bunju, wameongozwa na bibi yake bwana harusi, Bi Mwanahawa, mama mwenye asili ya Kiarabu, watu wa maduka tangu enzi, ananukia udi kutoka barabarani. Mie nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba anatuona sie watu wa kuja, kwa hiyo nikataka nimwonyeshe. Nikawaambia wanawake wa kikundi cha ngoma, ambao walijifunza ule wimbo wote ili wausindikize, kwamba leo wapumzike, mwenye wimbo atauimba mwenyewe. Wakakaa pembeni na ngoma zao, wamenuna. Nikachukua kipaza sauti, nikatangaza kwamba mtakayoisikia ni sauti ya marehemu mama yangu, haikuminywa hata kidogo, siyo kama hizi za kwenye simu zenu.

Ubeti wa kwanza watu wote kimya, Salma machozi yanamtiririka, Bi Mwanahawa kavua miwani anafuta macho. Nikavimba. Ubeti wa pili mama akaanza kugugumia, neno moja linajirudia jirudia, kisha ukatoka mlio kama bati linaburuzwa kwenye lami, kisha kimya, kisha bati tena.

Mtani wangu Bi Tatu, Myao wa Tunduru (na sie Wamakonde na Wayao tunavyotaniana mnajua), akasema kwa utulivu kabisa, "Mama ameishiwa bando. Wakwe, mchangieni."

Turubai zima likaangua kicheko. Mie nikanyanyuka kwenda kuipiga kofi ile mashine ya muziki, maana redio yangu ya nyumbani ikigoma dawa yake ni kofi, dera langu likanasa kwenye waya, spika ikayumba, ikalala kifudifudi juu ya meza ya wakwe, na bakuli zima la kachumbari likamwagikia baibui la Bi Mwanahawa. Na mama, kutoka humo humo ndani ya kachumbari, akatoa bati la mwisho.

Lakini nawaambia ukweli, kicheko sikukisikia tena, wala lile baibui sikuliona. Nilichokumbuka ni neno moja tu nililomwambia Hamisi asubuhi. Kaseti imekatika, flashi imeharibika, na yeye nimemwambia afute. Nimemzika mama mara ya pili, tena kwa mdomo wangu. Mwajuma akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akapiga simu, akaniwekea sikioni.

"Shikamoo shangazi," akasema Hamisi.

"Umefuta?"

"Sijafuta."

"Si nilikuambia ufute?"

"Uliniambia. Lakini Mwajuma hakunitumia mstari wenu, nikajua hamjalinganisha. Na wewe, shangazi, nakujua."

Nikakaa chini juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mie ni mtu mkali, watoto wa nyumba hii wakinikaidi wanajua watakiona, ila siku ile kukaidiwa kulikuwa kutamu kuliko halua.

Ikabidi nirudi kwa wanawake wa ngoma niwaombe waimbe. Kiongozi wao akaniuliza kama si nilisema hawahitajiki, nikamwambia nilisema na nimekosa, basi wakainuka. Wakaimba vizuri, Salma akaagwa. Bi Mwanahawa akaja akakaa pembeni yangu na doa lake la nyanya.

"Mkwe, baibui linafuliwa," akasema. "Mama umempata?"

"Yupo Mtwara," nikamjibu. "Mzima."

Akacheka mpaka akanilalia begani, na mie nikacheka naye.

Kesho yake asubuhi, kabla Salma hajachukuliwa kwenda Bunju, tukalishusha faili upya, na mie nikakaa mbali mikono nimeikalia. Mwajuma akaiaga kompyuta kwanza ndipo akaitoa flashi, akasema ile ya jana niliichomoa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, akairudisha, akalinganisha mistari. Sikuridhika kuambiwa. Nikamwita Hamisi kwenye simu asome mstari wake herufi kwa herufi, mie nafuata kwa kidole kwenye kioo, polepole, mpaka ya mwisho. Zikafanana zote.

Tukausikiliza wimbo mpaka ulipoisha, Salma kaniegemea. Tulidhani umeisha. Kumbe kaka hakuwahi kuizima redio aliyorekodia, na baada ya kimya kidogo kukasikika kijiko kinakwangua sufuria, halafu mama, kwa lugha yetu, siyo sauti ya kuimba tena, sauti yake ya kila siku:

"Zaituni, acha ukoko huo, huoni tunarekodi?"

Nikaitika abee. Mbele ya wajukuu zangu, mtu mzima mie, nikaitika.

Kwa hiyo nimeapa: kitu kikishuka kwenye nyumba hii, hata kiwe kizuri namna gani mwanzoni, sisemi kimefika mpaka mistari ilingane. Mie niliridhika na ubeti wa kwanza, wakati mama kule mwishoni ananigombeza.